UZI: Bakshishi ya kasino ni malipo ya kazi, siyo sadaka ya bahati. Nimechezesha meza miaka tisa, ulizeni

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila nikikaa na watu wanaopenda kupita kasino, swali hili haliishi: dila anaachiwa kiasi gani, anaachiwa wakati gani, na je, ukimwachia inamfikia? Nimesimama nyuma ya meza miaka tisa, zaidi ruleti (gurudumu la namba) na blakijeki (mchezo wa karata), mpaka mgongo ulipokataa. Naandika ninayoyajua kwa kuyafanya, na penye sheria nitataja sheria. Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri ninavyopata muda.

Kwa asiyefahamu, dila ni yule anayegawa karata au kuzungusha gurudumu, anayelipa waliopata na kukusanya za waliokosa. Chipu, zile sarafu za kuchezea zinazosimama badala ya fedha, zilizopangwa mbele yake si zake, ni za nyumba, yaani kasino. Ukipata, hakatwi. Ukikosa, haongezwi. Hana karata anayoweza kukuchagulia wala namba anayoweza kuiamuru itoke. Anachomiliki pale mezani ni kasi yake, usahihi wa hesabu zake, adabu yake na uvumilivu wake. Basi.

Sasa tazameni watu wanavyotoa. Kuna usiku nilikuwa ruleti, meza imejaa. Jamaa mmoja namba yake ikatoka mara mbili mfululizo, akasukuma rundo la chipu upande wangu huku ananisifu kama ndugu yake. Nilimshukuru, lakini kwa haki sikuwa nimemfanyia lolote zaidi ya wenzake. Nikaenda mapumziko, nikarudi meza ile ile, sasa anapoteza. Akaniita mkosi mbele ya watu na kutaka nibadilishwe. Mikono ni ile ile, gurudumu ni lile lile.

Kwenye kona ya meza hiyo hiyo alikaa mama mmoja anayecheza chipu ndogo kuliko zote. Kila dila alipoguswa bega ili akapumzike, mama yule aliweka chipu moja mezani na kusema, "Asante, umenihudumia vizuri." Apate, akose. Usiku mzima. Nimeshapokea bakshishi kubwa kuliko zake mara nyingi, lakini ukiniuliza leo nani alijua kutoa, nitamtaja yeye.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu: pima bakshishi kwa muda uliohudumiwa na namna ulivyohudumiwa, usiipime kwa namba iliyotoka. Chipu moja ya kiwango cha chini cha meza unayocheza, kwa kila dila aliyekaa nawe zamu yake, ni heshima tosha. Ukitaka kuzidisha kwa sababu umefurahi, zidisha, hakuna anayekuzuia. Na ukumbuke madila huzungushwa. Zamu ya meza moja mara nyingi haifiki hata saa nzima kabla mwingine hajaingia. Ukisubiri mpaka unaondoka, utampa mtu aliyekukuta dakika tano zilizopita, na yule aliyekuvumilia tangu jioni hutamwona tena.

Namna ya kutoa nayo ina utaratibu wake. Usimpe mkononi. Kamera ziko juu ya kila meza, na mkono wa dila unaopokea kitu kutoka mkono wa mteja ni tatizo kwake, hata kama nia yako ni safi. Weka chipu mezani, nje ya sehemu ya dau, sema "hii ni yenu." Ataigonga juu ya meza au kwenye sanduku, msimamizi asikie na kamera ione, halafu ataitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Ukiwahi kumwona dila anapiga makofi mepesi na kuonyesha viganja anapoondoka mezani, sababu ni hiyo hiyo: anaonyesha hajaondoka na kitu.

Karibuni.

#2

Mleta uzi asante kwa kuelimisha. Mimi swali langu ni la blakijeki. Nimeona watu wanaweka chipu ndogo mbele ya dau lao wakisema ni ya dila. Ile inakuwaje? Ikishinda ni yake, ikipotea?

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, hiyo ni kumwekea dila dau. Ziko namna mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni hiyo uliyoiona: chipu inakaa mbele ya dau lako, nje kidogo ya duara. Mkono wako ukishinda, dila anachukua chipu ile pamoja na iliyolipwa, zote mbili. Ukipoteza, nyumba inaichukua kama dau lingine lolote. Ya pili ni kuiweka juu ya rundo la dau lako na kumwambia dila kwamba ile ya juu anachezewa yeye. Hapo chipu inabaki chini ya mamlaka yako: ikishinda unampa ile faida, na chipu ya mwanzo unaweza kuiacha icheze tena kwa ajili yake. Chipu moja inaweza kumlisha mara tatu au nne bahati ikikaa vizuri.

Madila wengine wanapenda kuwekewa dau kwa sababu meza inachangamka na wote mnakuwa upande mmoja. Siwabezi, nami nimefurahia hivyo mara nyingi. Lakini mjue hesabu yake. Dau la dila linaliwa na faida ya nyumba sawa na dau lako. Blakijeki si mbaya: ukicheza kwa mpangilio sahihi kwenye meza yenye kanuni nzuri, faida ya nyumba iko karibu nusu ya asilimia 1, kwa hiyo zawadi yako inafika karibu nzima. Ruleti ya sifuri moja ina namba 37 na namba moja hulipa 35 kwa 1, maana yake katika kila chipu 37 utakazomwekea dila, kwa wastani moja inabaki kwa nyumba. Hiyo ni asilimia 2.70. Ile ya Kimarekani yenye sifuri mbili ni asilimia 5.26.

Ukimpa moja kwa moja, inafika yote. Nikiulizwa mimi, mpe mkupuo, halafu kama unataka furaha ya pamoja mwekee nyingine ndogo.

#4

Naongezea hapo kwa wachezaji wa krepsi, mchezo wa dadu mbili, maana mimi ndio mchezo wangu. Kule meza ina watu wanne: madila wawili pembeni, mmoja wa fimbo anayerudisha dadu, na aliyeketi katikati anayelinda chipu za nyumba. Huyo aliyeketi kwa kawaida hapokei bakshishi, ni msimamizi. Watu humwekea chipu mbele wakidhani ndiye mkubwa, zinamsumbua tu.

Desturi ya kule ni kuweka dau la pande mbili, moja lako na moja la madila, kwenye jumla ya 11 kwa mfano. Sasa baada ya kusoma #3 nimekaa nikapiga hesabu. 11 inatoka mara 2 katika mitupo 36, yaani haki yake ni 17 kwa 1, lakini meza inalipa 15 kwa 1. Nyumba inabaki na asilimia 11 na kidogo. Miaka yote hii nadhani nawapa madila kumbe chipu moja katika kila tisa naipa nyumba. Nimeumia kidogo.

#5 Mleta uzi

Mkuu #4, usiumie, nia yako waliiona. Lakini ndiyo, kama unataka kuwawekea madila wa krepsi dau, liweke kwenye mstari wa kawaida ambao nyumba inakula asilimia 1.41 tu. Uzuri wake mwingine ni kwamba dau hilo mara nyingi halimaliziki kwa mtupo mmoja, linakaa mezani, na wao wanakaa nalo wakiliombea.

#6

Mimi nitatofautiana na wengi humu. Kasino ni biashara inayojijengea majumba kwa hela ninazopoteza. Kwa nini mfanyakazi wake alipwe na mimi? Bosi alipe mshahara wa kueleweka, mambo yaishe. Hii bakshishi ni kumhamishia mteja mzigo wa mwajiri. Nikiwa nimeshaliwa, halafu niambiwe niongeze, naona ni dhuluma.

#7 Mleta uzi

Ndugu #6, unachosema kina ukweli mzito na sitaki nikipite juu juu.

Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi zikijumlishwa afikie kima cha chini cha shirikisho, ambacho ni dola 7.25. Hiyo 2.13 haijasogea tangu 1991. Na 7.25 haijasogea tangu 2009. Hapo mzigo umehamishwa kweli, na unayelipa tofauti ni wewe. Lakini majimbo hayafanani. Nevada, nyumbani kwa Las Vegas, hairuhusu punguzo hilo: mwajiri anapaswa kulipa kima cha chini chote cha jimbo, bakshishi iwepo isiwepo. Hata hivyo kima cha chini ni kima cha chini. Dila wa meza kubwa anayeishi maisha ya kawaida anaishi kwa lile sanduku, mshahara ni wa kushikilia tu.

Ufaransa tangu zamani mambo yamekuwa hivyo pia. Ukipata namba moja kwenye ruleti inayolipa 35, desturi ni kuacha chipu moja, na dila anatangaza shukrani kwa sauti kwa niaba ya wafanyakazi wote. Sehemu kubwa ya kipato chao imetoka huko kwa vizazi.

Kwa hiyo naungana na wewe kwamba mwajiri alipe. Ninachokataa ni kumfanya dila ndiye wa kuadhibiwa kwa mfumo ambao hakuutunga. Chipu usiyoitoa leo haimgusi bosi. Kama hutaki kutoa kwa msimamo wako, usitoe, lakini basi mpe yule mtu vilivyobaki: mwite kwa adabu, usimrushie karata, usimlaumu kwa namba. Nimehudumia watu ambao hawakuwahi kuacha hata moja na nilifurahi kuwaona wakirudi, kwa sababu walikuwa na utu.

Na ile ya kuliwa halafu uongeze, nitaijibu vizuri chini, ni jambo kubwa.

#8

Nimechezesha poka miaka mitano. Niseme tofauti yetu na wenzetu wa meza nyingine. Poka wachezaji wanashindana wenyewe, nyumba inachukua makato yake kwenye kila chungu, yaani fedha zote zilizochezewa katika mkono mmoja. Mahali pengi dila wa poka anabaki na bakshishi yake mwenyewe, haziingii kwenye mfuko wa pamoja. Kwa hiyo ukishinda chungu cha maana na kusukuma chipu moja, umempa huyo huyo aliyeko mbele yako.

Kitu kinachotuuma sisi si kunyimwa. Ni mtu anayechelewesha meza dakika mbili kila mkono akiwaza. Kipato chetu ni idadi ya mikono kwa saa. Ukicheza kwa mwendo mzuri umeshatusaidia kabla hujatoa chochote.

#9

Hodi humu. Mimi nilikuwa mhudumu wa vinywaji kwenye ukumbi wa kasino, miaka saba na viatu virefu. Naona mnazungumzia madila tu, ruhusuni na sisi tusemewe.

Pale nilipofanya kazi kinywaji kwa anayecheza kilikuwa bure. Neno bure ndilo linalowapoteza wengi. Kinywaji ni bure, kuletewa si bure: kuna mtu ametembea kutoka baa ya ndani mpaka mashine yako ya sloti, amerudi, amekumbuka sura na agizo la watu ishirini, trei mkono mmoja. Desturi nzuri ni kutoa kila kinapoletwa, hata kidogo. Msingoje cha mwisho, maana cha mwisho huletwa na mwenzangu baada ya zamu yangu kwisha. Chipu tunapokea, noti ndogo tunapokea, na kwetu sisi kupewa kwenye trei hakuna shida kama ilivyo kwa dila.

Halafu kaka zangu, niwaambie kwa moyo wangu wote. Bakshishi hainunui mkono kiunoni. Hainunui namba ya simu. Nimepewa chipu ya thamani kubwa nikaambiwa "sasa kaa hapa." Niliirudisha mezani nikaondoka, na ile chipu ilikuwa kodi ya nyumba. Sijajuta. Lakini niliporudi jikoni mikono ilikuwa inatetemeka, na siwezi kusema ilikuwa rahisi.

#10 Mleta uzi

Dada #9, asante kwa kuja na kusema. Nimeshuhudia hayo nikiwa nimesimama nyuma ya meza na sikusema kitu, kwa sababu dila hufundishwa kuangalia meza yake. Ningesema. Leo ningesema.

Wahudumu wa vinywaji na wasafisha vyumba wa Las Vegas wana chama chenye nguvu, Culinary Workers Union Local 226, kilichoanzishwa 1935. Kinachowasaidia siyo mishahara peke yake, ni kuwa na mtu wa kumkimbilia siku kama hiyo uliyoisimulia.

#11

Swali la moja kwa moja. Je, ni kweli anayetoa bakshishi nzuri anapendelewa? Kuna rafiki yangu anaapa kwamba akimpa dila mapema karata zinabadilika.

#12 Mleta uzi

Karata hazibadiliki, mkuu #11. Na imani hiyo ya rafiki yako ina historia mpaka mahakamani, ngoja niisimulie maana ndiyo kiini cha uzi wangu.

Miaka ya 1970 dila mmoja wa krepsi wa Las Vegas alibishana na serikali ya Marekani kuhusu kodi. Alisema bakshishi anazopewa ni zawadi, na zawadi haitozwi kodi ya mapato, kwa sababu wateja hawamdai kitu na yeye haruhusiwi kuwapendelea. Mahakama ya kwanza ikamkubalia. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu. Kesi inaitwa Olk dhidi ya Marekani. Hoja ya majaji ilinigusa nilipoisoma: walisema mchezaji anayempa dila hatoi kwa ukarimu usio na masilahi. Anatoa kwa ushirikina, kama kafara kwa miungu ya bahati akitumaini irudi mara nyingi. Kwa hiyo si zawadi, ni mapato, lipa kodi.

Majaji wameketi mbali na meza lakini waliona nilichokiona mimi usiku wa yule jamaa ambaye namba yake ilitoka mara mbili. Watu hawampi dila, wanaipa bahati, na dila ni kama kichwa cha mzimu kinachowekewa chipu. Ndiyo maana bahati ikigoma anatukanwa.

Huko Marekani kodi ya bakshishi imebaki hadithi ndefu. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawaruhusu wanaopokea bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho, kuanzia mwaka wa kodi 2025 hadi 2028, na wenye kipato kikubwa nafuu hiyo inapungua. Hazijawa zawadi. Ni mapato yaliyopewa nafuu.

Sasa upendeleo. Anayetoa vizuri anaweza kupata tabasamu, mazungumzo, kukumbushwa kanuni asiyoijua, kuulizwa mara ya pili kabla ya kufanya kosa la wazi. Hayo ni ya kibinadamu. Kinachovuka mpaka ni dila kukuonyesha karata iliyofunikwa, kulipa mkono uliopoteza, kukuruhusu kuongeza dau baada ya mpira kudondoka. Huo ni wizi, na mnaingia wote wawili.

Kwa hofu hiyo hiyo ziko nchi zilizoamua kuufunga mlango kabisa. Singapore sheria yake ya kasino inamkataza mfanyakazi wa meza kuomba au kupokea bakshishi. Australia nako madila wa kasino hawapokei. Uingereza sheria ya 1968 iliwakataza madila, mpaka Sheria ya Kamari ya 2005 ilipokuja na mfumo mpya, na sasa masanduku yako mezani. Kwa hiyo adabu ya kwanza kabisa ya kutoa bakshishi ni kutazama uko wapi. Dila akikurudishia chipu yako kwa upole na kusema hairuhusiwi, usimsukumie tena, usimwambie "weka mfukoni hakuna anayeona." Kamera inaona, na yeye ndiye atakayepoteza leseni. Niliwahi kusukumiwa hivyo na mteja aliyedhani ananitendea wema, ikabidi nimwite msimamizi nijilinde. Mteja alinuna. Sikuwa na njia nyingine.

#13

Mleta uzi hapo juu umesema sanduku lina kufuli. Nani anafungua? Mimi niko kwenye kazi hii sasa hivi (sitaji wapi), na kwetu mgao unafanywa ofisini, tunaletewa tu bahasha. Tunahisi wasimamizi wanachota.

#14 Mleta uzi

Pole sana. Hili limewahi kunikuta, na nitakuambia nilivyojifunza.

Mahali pangu pa kwanza mgao ulikuwa hivyo hivyo, bahasha. Miaka miwili hatukuwahi kuona hesabu. Siku moja mwenzetu aliyekuwa hodari wa kuandika alianza kunukuu kwenye daftari bakshishi za meza yake kila zamu, nasi tukafuata. Baada ya mwezi tukajumlisha. Zilizopungua zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyepaza sauti, tulikaa kimya tu tunatazamana. Hatukupata haki pale. Niliondoka.

Mahali pa pili ndipo nilipoona inavyopaswa kuwa. Madila wenyewe walichagua kamati ya watu watatu. Sanduku lilifunguliwa mbele ya kamati na mtu wa hazina, chipu zikahesabiwa chini ya kamera, jumla ikabandikwa ukutani, ikagawanywa kwa saa alizofanya kila mtu. Aliyefanya saa nane alipata za saa nane, awe meza ya matajiri au meza tupu ya asubuhi. New Jersey, jimbo la Marekani, sheria yake ya kasino iliweka msingi kama huo: za madila zinakusanywa pamoja, zinagawanywa kwa madila, na wasimamizi wao hawapokei.

Lakini hata penye macho mengi mgogoro unatokea. Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas ilibadilisha mgao ili viongozi wa meza nao waingie kwenye bakshishi za madila. Madila wakapinga, mwaka uliofuata wakapiga kura ya kujiunga na chama, na kesi zikaenda miaka na miaka. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Nevada iliona kwamba utaratibu ule haukuvunja sheria ya jimbo. Kisha mwaka 2018 Bunge la Marekani likarekebisha sheria ya shirikisho ya kazi: mwajiri hawezi kubaki na bakshishi za wafanyakazi, wala kuwaruhusu mameneja na wasimamizi kuchukua sehemu yake. Uingereza nayo, tangu Oktoba 1, 2024, mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi zote bila makato yake, kwa haki na kwa uwazi, na awe na maandishi ya namna anavyogawa.

Wewe anza na daftari. Tarehe, meza, saa, kiasi ulichoona kikiingia. Wenzako watatu wafanye hivyo. Usimtuhumu mtu kwa hisia, ombeni kwanza kwa pamoja kuona hesabu ya mwezi mmoja. Mkinyimwa, mna kitu cha kupeleka mbele kwa mamlaka ya kazi.

Na ninyi wateja, mnaweza kumuuliza dila bila kumwaibisha: "Hizi mnagawana au ni zako?" Ni swali la kawaida, atakujibu.

#15

Kwa haraka: sloti je? Na wale wa kuleta gari, kusafisha chumba, keshia?

#16 Mleta uzi

Sloti hakuna dila, lakini ukipata ushindi ambao mashine hailipi yenyewe, mtu anakuja na fomu, anakusubirisha, analeta fedha. Umwachie kitu yeye na aliyefuatana naye. Wa gari umpe anapokuletea gari. Msafisha chumba umwachie kila siku, siyo siku ya mwisho, kwa sababu wanabadilishana, na andika karatasi kwamba ni yake la sivyo hatagusa. Keshia uliza kwanza, sehemu nyingine hawaruhusiwi. Msimamizi wa meza usimpe, asante ya mdomo inamtosha.

#17

Mimi nimesoma uzi wote tangu juu na nina jambo linaniuma. Wiki iliyopita nilimaliza zote. Nilikuwa nimepanga kucheza kidogo tu. Dila alikuwa binti mpole sana, tangu nimekaa ananiita kwa heshima. Chipu yangu ya mwisho nilitaka kumwachia, halafu nikaicheza, ikaenda. Niliondoka bila kumtazama usoni. Naona aibu kurudi.

#18 Mleta uzi

Ndugu yangu #17, nisikilize kama kaka.

Yule binti hakukudai. Kila dila anaijua sura ya mtu anayeweka chipu ya mwisho, na ndani ya kifua huwa tunaomba aiweke mfukoni aende nyumbani. Hakuna hata mmoja kati yetu anayehesabu kwamba huyu hakuniachia. Kama ulinyanyuka kimya bila kumtukana, ulimfanyia vizuri kuliko wengi.

Nilimwahidi #6 nitalijibu hili. Bakshishi isitoke kwenye hela ya kurudisha hasara, wala kwenye hela ya nauli, wala ya chakula. Kabla hujaingia, tenga kiasi ambacho kikiisha kimeisha, na ndani yake tenga chipu mbili tatu za wahudumu, ziweke mfuko mwingine kabisa. Hizo zimeshatoka, hazichezwi. Zikibaki peke yake mfukoni ndiyo ishara yako ya kusimama: wape, nenda. Ukijikuta unazitoa mfuko ule kuzicheza, tafadhali chukua hilo kwa uzito kuliko suala lote la bakshishi. Kasino nyingi zina utaratibu wa kujiandikisha usiruhusiwe kuingia. Nimemwona mtu akiutumia, akaja miezi baadaye kutusalimia nje ya mlango, amenenepa, anacheka. Hakuna aliyemuuliza habari ya chipu.

Na kama hutarudi kabisa, mimi nitafurahi.

#19

Nimekuelewa kaka. Nimekaa na hilo la mfuko wa pili tangu jana. Ukweli ni kwamba ningezicheza. Najijua. Kwa hiyo nimeuliza habari ya kujiandikisha, nimeambiwa nije na kitambulisho.

Ombi moja. Yule binti bado ananikaa moyoni. Naweza kumpelekea kitu siku nikienda kujiandikisha?

#20 Mleta uzi

Usimpelekee kitu, utamtia matatizoni, hasa nje ya meza. Siku hiyo mwombe wa mapokezi karatasi ya maoni, zipo kila mahali. Andika tarehe uliyocheza, meza, saa, na kwamba dila aliyekuwepo alikuhudumia kwa heshima. Karatasi hizo zinaingia kwenye faili la mfanyakazi. Mimi nilipata mbili kwa miaka tisa, bado ninazo.

#21

Nimeandika. Nimejaza upande wote wa mbele nikamalizia nyuma.